Mama Kwenye Ngazi za Mahakama

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Mama aliniambia, "Mwalimu, nipeleke Nairobi nikaone ile nyumba." Mimi hufundisha shule ya msingi karibu na Webuye, na Mama huniita Mwalimu anapotaka jambo zito. Nilijua nyumba aliyoisema. Baba alipofariki, ndugu zake walitaka kumfukuza Mama shambani. Kesi ikapanda hadi mahakama ya Nairobi. Siku ya hukumu hakuweza kusafiri, maana nilikuwa tumboni, miezi minane. Habari ya ushindi aliipata kwa barua ya wakili. Akaikunja, akarudi kupalilia.

Tuliondoka Webuye alfajiri kwa basi. Mama alivaa koti lake la kanisani na hakusinzia hata mara moja. Jioni tulishuka Barabara ya Waiyaki, ambako dada yangu Nekesa alikuwa akitungojea. Nekesa ni mpishi katika nyumba moja ya Loresho, na mwajiri wake alikuwa amekubali tulale katika chumba cha Nekesa.

"Mama, kesho nikupeleke Westlands uone maduka?" Nekesa aliuliza akipakua ugali.

"Maduka yapo Webuye."

Asubuhi tuliita teksi. Westlands magari yalikuwa yamesimama kama ng'ombe mnadani, lakini Mama alitulia, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Saa nne tulishuka katikati ya jiji.

Jengo lilikuwa mbele yetu: mawe ya rangi ya kijivu, nguzo nene zilizopanda juu, ngazi pana zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Mama alisimama kando ya barabara. Niliinua simu kupiga picha.

"Wewe! Hapa picha hapana!" Askari mmoja mwanamke alikuwa akitujia kwa haraka. "Weka hiyo simu chini."

Niliishusha. Nekesa alianza kuomba msamaha, lakini Mama alimtangulia.

"Binti yangu, unaitunza vizuri nyumba hii?"

Askari alishangaa. "Najaribu, Mama."

"Basi asante. Hii ndiyo iliyosema shamba langu ni langu. Sikuwahi kuja kuiona."

Alimweleza yote, palepale, kwa sauti ya chini. Askari alimsikiliza huku akitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Ngojeni hapa," akaingia ndani. Tulingoja hadi nikakata tamaa. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Wamekubali. Piga hapo kwa ngazi tu. Mlango usionekane, na mimi pia nisionekane. Haraka, sawa?"

Mama alipanda ngazi tatu, akageuka, akanyooka kama mlingoti. Nilipiga picha moja, mbili. Hakucheka. Nekesa, ambaye siku za kesi alikuwa msichana wa miaka tisa na anakumbuka mizigo yetu ikifungwa kwa kamba, alianza kulia.

Ndipo Mama alipopasua vigelegele.

Njiwa waliruka. Karani mmoja aliyekuwa akishuka na mafaili alisimama. "Kwani kuna harusi?"

"Mama ameshinda kesi," nikasema.

"Hongera! Leo?"

"Kabla sijazaliwa."

Karani alicheka hadi mafaili yakamponyoka. Kisha akampa Mama mkono kwa heshima. Askari alikuwa ametugeuzia mgongo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kesho yake mimi na Mama tulirudi nyumbani kwa basi. Mama alimwonyesha picha kila aliyeketi karibu. Tulipopita Kinungi, katika masimulizi yake jengo lilikuwa na nguzo nane. Tulipofika Nakuru zilikuwa kumi na mbili. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimemjua miaka yote kama mtu mtulivu, nikadhani ndivyo alivyoumbwa. Safari hii ilinifundisha kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya ushindi wake, akaulima na kuwasomeshea watoto wake, na bado asipate nafasi ya kuushangilia.

Karibu na Eldoret, kijana wa kiti cha nyuma aliinama mbele, akamwita bibi kwa Kikuyu. "Na sasa, Cucu, hilo shamba mnapanda nini?"

"Mahindi," alijibu Mama, "maharagwe, na maringo kidogo pembeni."