Kura Iliyotoka Kings Heath

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Kings Heath, Birmingham, na masanduku matatu: moja la nguo, moja la zawadi za wajukuu, na moja la makaratasi tu. Alikuwa ameishi Marekani miaka kumi na saba, tangu marehemu baba mkwe aliposhinda viza ya bahati nasibu akahama naye kutoka Isiolo pamoja na watoto wao wadogo. Mume wangu, kifungua mimba, wakati huo alikuwa tayari Uingereza kwa masomo. Baba mkwe alipofariki, tulimwomba mama aje tukae naye. Alikubali kwa sharti moja: asikose kupiga kura yake ya Marekani.

Nilicheka. Watu wa umri wake huweka sharti la chumba kinachopata jua, au la kupelekwa Umra. Tena mimi nimelelewa Nakuru, na kwetu kura ilikuwa jambo la kununua unga na mafuta ya wiki mbili, kufunga mlango, na kungoja watu watulie. Hapa Birmingham, Mkenya kama mimi anaruhusiwa kupiga kura kwa kuwa nchi yetu imo Jumuiya ya Madola, lakini kadi za kuniita kituoni zilikuwa zikiishia kwenye pipa la karatasi. Sijisifu. Ndivyo nilivyokuwa.

Sababu yake aliniambia asubuhi moja tukikanda unga wa sambusa. Mara ya kwanza kwenda kupiga kura Kenya, alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu. Alipanga foleni tangu alfajiri. Alipofika mezani, karani alimtazama uso zaidi kuliko alivyotazama kitambulisho, akamwambia Wasomali wasimame kando kwanza, wataangaliwa baadaye. Walisimama kando mpaka masanduku yakafungwa. Akarudi nyumbani na kidole kisicho na wino, majirani wakionyeshana vyao.

Marekani alipiga kura ya kwanza katika ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Mzee mmoja wa kujitolea alimuuliza jina, akalitafuta kwa rula kwenye orodha, akalitamka vibaya, akampa karatasi.

"Hakuniuliza babu yangu alizaliwa wapi," aliniambia. "Alisema tu, asante kwa kuja."

Tangu siku hiyo hakuwahi kukosa uchaguzi hata mmoja, hata ule wa bodi ya shule ambao, kwa maelezo yake, walikwenda yeye, mwalimu mstaafu na mbwa wa mwalimu. Nilimpenda sana alipokuwa akisimulia mambo haya. Alisimulia huku mikono ikifanya kazi, na sambusa zake hazikupasuka hata moja, wakati zangu zilifunguka midomo kwenye mafuta.

Basi ukafika mwaka 2018, uchaguzi wa Novemba. Raia wa Marekani anayekaa nje hujaza fomu kuomba karatasi ya kura, jimbo lake humtumia, naye huijaza na kuirudisha kwa posta. Kazi ya fomu ikaniangukia mimi, na niliipokea kwa maringo. Mimi ni karani wa mapokezi hospitalini Edgbaston, na nyumbani ndimi karani wa ukoo mzima: pasipoti, shule, viza za mashemeji, zote hupitia mkononi mwangu. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba sijawahi kurudishiwa fomu.

Nyumba ilichangamka. Mama alikuwa na kikundi cha simu cha akina mama wenzake wa kule, wakitumiana sauti mchana kutwa. Mmoja alisema nani apigiwe kura, mwingine akambishia, wa tatu akasema wote ni wezi lakini kuna mwizi mwenye huruma. Mama alizisikiliza zote kwa sauti ya juu akimenya viazi. Jirani yetu, mama Mkongo kutoka Bukavu, naye alikuja kila Jumamosi kusikiliza habari hizo na kutia shaka.

"Mama, kura na posta?" aliuliza. "Kwetu hata uiweke wewe mwenyewe mu boîte, mu sanduku, inabadilika ndani. Sasa hii itavuka bahari yote peke yake?"

"Itavuka," mama alisema. "Na itafika."

Binti yangu wa miaka tisa, anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akatoa hoja yake: "But Ayeyo, you don't even live there." Ayeyo ni bibi kwa Kisomali. Mama alimjibu kwamba hata yeye binti haishi jikoni, lakini kila siku ana maoni kuhusu chakula.

Sasa niseme habari ya tarehe, maana ndiyo iliyotuponza. Nusu ya wazee wetu wamezaliwa Januari mosi, kana kwamba mama zao walikubaliana. Kitambulisho cha kwanza cha mama kilikuwa na mwaka tu. Wamarekani walipotaka siku na mwezi, wakamjazia Januari mosi, na ikabaki hiyo. Siku moja ya kiangazi nilimuuliza alizaliwa lini hasa. Akasema marehemu mama yake alimwambia ilikuwa Ijumaa, siku ya tatu baada ya Maulidi. Mwaka wenyewe ulikuwa sawa kwenye karatasi. Nikakaa na kompyuta, nikalinganisha kalenda ya Kiislamu na ya Kizungu, mpaka nikaipata: tarehe kumi na mbili Novemba, na kweli ilikuwa Ijumaa.

Nilipomwambia, aliniomba nirudie. Siku nzima nilimsikia akiisema peke yake jikoni, kumi na mbili Novemba, kumi na mbili Novemba, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Nikaiandika kwenye kalenda ya ukutani. Wanangu wakaanza kudai keki miezi mitatu kabla.

Kwa hiyo nilipofika kwenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa katika fomu ile, niliandika kumi na mbili Novemba. Sikusita hata kidogo. Mama akatia sahihi, nikaituma, nikajipongeza kwa chai.

Wiki zikapita. Kila tarishi alipopita, mama alikuwa dirishani. Mimi nikailaumu posta ya Marekani, nikailaumu ya Uingereza, nikamlaumu tarishi mwenyewe, kijana wa watu asiye na kosa. Ilipobaki wiki mbili na siku chache ndipo nilipopiga simu ofisi ya uchaguzi ya wilaya yake, alasiri, wakati kwao ni asubuhi. Nilifungulia spika mama asikie. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Alisema wametuma barua kueleza, barua ambayo sisi hatukuiona. Jina wanalo, lakini hakuna mpiga kura mwenye jina hilo aliyezaliwa Novemba.

Nilielewa kabla hajamaliza. Akaomba azungumze na mpiga kura mwenyewe. Mama akakaribia simu, akanitazama kidogo, halafu akasema kwa Kiingereza chake cha pole pole: "January one." Yule mwanamke akashukuru, akasema sasa kompyuta imekubali, karatasi itakuja kwa barua pepe baada ya fomu mpya.

Mama alinirudishia simu. "Wewe ndiye hujawahi kurudishiwa fomu," alisema, na hakukuwa na mzaha ndani yake.

Fomu mpya ilikwenda siku hiyo hiyo. Karatasi ya kura ilikuja baada ya siku tano, nikaichapisha maktaba kwa sababu printa yetu ilikuwa ikitoa mistari. Ilikuwa ndefu, yenye majaji na wajumbe wa bodi ambao hata wenyeji hawawajui. Mama aliwauliza wenzake wa kikundi habari za kila mmoja, akaandika pembeni kwenye daftari la shule la binti yangu. Kisha akaniambia nitoke. Mimi, niliyejua hata dozi za dawa zake, nikatolewa kwenye sebule yangu mwenyewe na mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye ngazi nikisikia kalamu, nikajiona nimeheshimiwa kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Tuliipeleka pamoja posta ya High Street, tukachagua njia ya haraka kuliko zote. Jimbo lake lilitaka iwe imefika kabla siku ya uchaguzi haijaisha.

Siku ya uchaguzi, Jumanne, alivaa gauni la Idi. Jirani wa Bukavu alileta keki za ndizi, akampa mkono na kusema félicitations, mama, hongera. Hakuna aliyekuwa na furaha Birmingham nzima kumshinda mama mkwe wangu, na mimi nilifurahi naye kwa nusu ya moyo, maana jimbo lina ukurasa wa kufuatilia kura na mimi nilikuwa nikiufungua kila saa. Alhamisi ulibadilika. Imepokelewa Jumatano. Haikuhesabiwa: imechelewa.

Nilinyamaza siku nne. Alipowaambia watu msikitini kwamba amepiga kura kutoka Uingereza, nilijifanya natafuta viatu. Mume wangu alinishauri niache, mama ana umri, kumwambia kutasaidia nini? Nilikaribia kumsikiliza. Lakini Jumatatu ilikuwa kumi na mbili, keki iko kwenye friji, na nikajua sitaweza kumwimbia mtu niliyemdanganya. Watoto walipokwenda shule, nilimwambia.

"Mama, kura yako haikuhesabiwa. Ilichelewa. Ni kwa sababu yangu, ile tarehe niliyoandika."

Alikaa kitini. "Ilichelewa siku ngapi?"

"Moja."

Alitazama mikono yake. "Basi nimesimamishwa kando tena," alisema.

Nililia, na kulia kwangu hakukumsaidia. Aliinuka akaenda chumbani kwake, na sikumsikia mpaka adhuhuri. Baada ya kuswali alikuja jikoni nilipokuwa nikioshaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Ile fomu ya kwanza," alisema. "Wameitupa?"

"Hapana, mama. Makaratasi ya uchaguzi hawayatupi hivi hivi. Yanawekwa kwenye faili."

"Ina jina langu?"

"Jina lako na sahihi yako."

"Na ile tarehe."

"Na ile tarehe."

Alichukua kitambaa, akaanza kunikaushia sahani.

"Umri wote huu sijawahi kuwa nayo kwenye karatasi ya serikali yoyote. Usiwapigie simu waifute."

"Sitawapigia."

"Lakini uchaguzi ujao nitajaza mwenyewe," alisema, "na nitawaandikia ile Januari mosi ya kwao."