Kitambaa Ndani ya Mlango wa Pikapu

Mimi ni fundi wa bodi za magari hapa Likasi, na nina tabia ya kutukana kazi za mafundi wengine mbele ya wateja. Naona inanipa heshima.

Juzi mwalimu mmoja wa Mulungwishi aliniletea pikapu yake kuukuu ya kijani, aliyoinunua Kakanda. Alitaka nibandue ile mikanda ya plastiki ya milangoni kabla ya kuipaka rangi upya. Nikaumwagia mkanda wa kwanza maji ya moto, gundi ikalainika, nikapitisha uzi wa nailoni nyuma yake, mkanda ukatoka. Ukatoka pamoja na kipande cha mlango. Chini yake palikuwa na tundu la kutu lililozibwa kwa simenti.

Sikunyamaza. Niliwaita majirani waje kuona.

"Mwalimu, angalia! Muntu mwenye alifanya hii kazi haiko fundi, ni mwizi!"

Majirani walikubali. Nikagonga simenti kwa nyundo ili waone vizuri, ikabomoka. Rangi ya kijani ikabanduka, nikaona nyeupe chini yake, na nikaanza kukumbuka pikapu fulani nyeupe. Lakini mwalimu alikuwa ameshashika kitambaa kilichoshindiliwa ndani ya tundu, anakivuta. Kilikuwa kipande cha koti langu la kazi la zamani, chenye jina ambalo mke wangu alilishona kwa uzi mwekundu.

Mwalimu alikikung'uta vumbi, akasoma kwa sauti, kama anavyoita majina ya wanafunzi asubuhi.

"Ilunga Désiré."

Nikajikuta nimejibu:

"Présent."