Maua ya Kamata

Mume wangu Filipo si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana nikianza kumweleza, watu hulisahau. Baada ya vita vya Hitla alikuwa tarishi wa boma kule Kiomboi miaka minne, akarudi hapa Ulemo na koti la kaki, baiskeli isiyo na breki na mbwa mmoja, Kamata. Mbwa huyo alitufukuzia nyani kwenye uwele miaka saba. Nilimpenda, maana yeye sikuwahi kumfulia.

Kamata aliumwa na nyoka mwezi wa Septemba. Filipo akamzika kando ya shamba, akapanda maua juu ya kaburi, kwa kuwa kule bomani alimwona memsahibu, mke wa mzungu wa boma, akimfanyia hivyo mbwa wake. Sawa. Lakini memsahibu alikuwa na wafungwa wa kumwagilia. Filipo alikuwa na mimi.

Anayeijua Ulemo ya Oktoba atanielewa. Korongo limekauka, tunachimba mchanga, tunasubiri zamu tangu jogoo wa kwanza, maji yanapatikana kata moja moja. Nautua mtungi, shingo imeingia mabegani, naye huyo ameinama, anachota kibuyu kizima cha maua ya mbwa aliyekufa. Na wapita njia wakiona kaburi lina maua, wanavua kofia na kunipa pole ya kufiwa na mtoto.

Nikachoka. Siku moja nikaufunika mtungi, nikaweka kigoda mbele yake, nikakaa.

"Haya ni ya ugali," nikamwambia. "Ya Kamata kachote mwenyewe."

Nilidhani yamekwisha, maana kwetu mwanamume habebi mtungi. Kesho yake akaja korongoni, akasimama nyuma ya Lea, mke wa mwinjilisti, akangoja zamu yake, akachota, akauweka mtungi begani, akaondoka. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Mwanangu Naftali nilimzaa alfajiri, na jioni yake nilikuwa palepale korongoni, nachimba mchanga. Miaka kumi na sita ya ndoa, Filipo hajaniletea hata kata moja.

Nikamfuata mpaka kaburini.

"Filipo, nikifa usinipandie ua hata moja. Niletee maji sasa, ningali nayanywa."

Akabaki ameshika mtungi wake mtupu, anayatazama maua.

"Mtungi upi?" akauliza. "Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa," nikasema, na hasira ikanitoa machozi.