Punje Tano na Jiwe la Ruvubu

Nianze na aibu, ili tuimalize mapema. Mwezi uliopita nilipiga picha ya jiwe, nikaituma kwenye kundi la simu la ukoo mzima, na chini yake nikaandika: "Viboko wa utoto wangu bado wapo." Shangazi aliye Gitega mjini akajibu kwa mioyo mitatu myekundu. Binamu mmoja akaniuliza kama sikuogopa. Nikamjibu kwamba mimi na wanyama hao tumezoeana.

Unisamehe, mimi si mtu wa safari. Nina kiduka cha chumvi, sabuni na betri hapa Mutaho, na nikipanda baiskeli ya kukodi kwenda Gitega mjini, mke wangu husema nimehama. Lakini binamu alikuwa anaoa kwetu Muyinga, ikabidi niende, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaumwa na kiti cha gari, nikaona bora nifaidi. Niliwaamsha wanangu wawili kabla ya jua, nikawashusha mtoni, waone nilichokiona mimi nilipokuwa na umri wao.

Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania nilikuwa na miaka tisa. Tulipokelewa na bibi, mama yake baba, ambaye shamba lake lilishuka kutoka kilimani mpaka karibu na mto Ruvubu. Watoto wa pale walikicheka Kirundi changu, kwa sababu kilichechemea, wakaniita Mtanzania. Mimi nikajitetea kwa silaha pekee niliyokuwa nayo, yaani uongo. Niliwaambia kwamba kule tulikotoka simba tulikuwa tukiwafukuza kwa ufagio, na tembo walipita nyuma ya choo chetu kila Jumapili. Ukweli ni kwamba kule kambini mnyama mkubwa niliyewahi kumkaribia alikuwa beberu wa mwalimu wetu, na huyo nilimkimbia.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho, akichambua mboga, wala hakubisha. Kesho yake akanipa kazi. "Wewe unayejua wanyama," akasema, "utahesabu viboko."

Kazi hiyo ilikuwa hivi. Mtoni waliishi viboko watano. Usiku walipanda kula majani, na viazi vyetu pia wakivikuta, na alfajiri wakarudi majini kwa kukatiza ufuko wa mchanga. Kiboko hana neno ukimwachia njia yake. Ukisimama kati yake na maji, hayo ni mengine. Kwa hiyo hakuna mwanamke wa kilima kile aliyeshuka kuteka maji wala kulima bondeni mpaka mtoto mmoja, aliyekaa juu kwenye ukingo, awe amewaona wote wakiingia. Mtoto huyo alipewa punje tano za maharage, akazishika mkono wa kulia. Kiboko mmoja akiingia majini, punje moja ilihamia mkono wa kushoto. Wa kulia ukibaki mtupu, mtoto alipiga dumu la plastiki kwa fimbo, na kilima kizima kikajua kwamba njia ni salama.

Rafiki yangu, hakuna sinema iliyowahi kunipa nilichopewa na mchanga ule. Nilikaa nimejifunika kitenge cha bibi kilichonuka moshi, kiazi kitamu cha kuchoma mapajani, nusu kikinipasha joto na nusu kikinitamanisha. Ukungu ulilala juu ya maji kama maziwa. Wa kwanza kufika walikuwa kuro, wale swala wakubwa wenye duara jeupe matakoni, utadhani wamekalia bakuli la unga. Walikunywa huku wameinua sikio moja. Kisha majani yalivunjika, na viboko wakatoka, wamenenepa, hawana haraka, kama wamama wanaotoka kwenye karamu wakisemana. Mbele alikuja jike na ndama wake, aliyeteleza mchangani kila siku mahali pale pale na kila siku akashangaa. Jua lilipotoka upande wa Tanzania, migongo yao iliyolowa umande iligeuka rangi ya chungu kipya. Wa mwisho siku zote alikuwa dume mwenye sikio lililopasuka. Huyo alichelewa kwa makusudi, nadhani, ili kiazi changu kipoe.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri mno. Wanawake walishuka wakinisifu, hata jirani yetu, mama mwenye shamba la mihogo kando ya njia, ambaye hajawahi kumsifu mtu bila kujuta. Alikuwa anauza ndizi kule Kobero, mpakani, na Kiswahili chake alikiokota huko kwa madereva wa malori. Aliniambia, "We Mtanzania, kumbe uko na kazi."

Kisha kiangazi kikaingia, mto ukapungua, wala hakuna aliyenieleza kwamba mto ukipungua huonyesha vitu ulivyokuwa umeficha. Asubuhi moja nilikuwa nimehamisha punje nne. Baridi ilikuwa kali, kiazi nilikuwa nimekwisha kukila, na dume la sikio lililopasuka halionekani. Nikatazama majini. Katikati ya ukungu nikaona mgongo, mweusi, mnene, umetulia. Nikajiambia, ameingia wakati napiga chafya. Moyo mmoja ukaniambia nikamuulize binamu yangu aliyekuwa akikata majani ya mbuzi hatua chache tu kutoka pale. Lakini mtu aliyefukuza simba kwa ufagio atamuuliza nani? Nikahamisha punje ya tano. Nikapiga dumu.

Bibi ndiye aliyetangulia, kikapu kichwani, jembe begani. Alikuwa amefika nusu ya njia dume lilipotoka kwenye mihogo ya jirani, majani yananing'inia mdomoni, na mbele yake, kati yake na maji, kasimama bibi yangu.

Nilitaka kumwonya. Nikapiga dumu tena, jambo ambalo maana yake ilikuwa njia ni salama. Nashukuru Mungu bibi hakunitegemea. Alitupa jembe kushoto, yeye akaruka kulia, kwenye matope ya mafunjo, akazama mpaka kifuani. Dume likapita pale alipokuwa amesimama, likakanyaga kikapu, likaingia majini, wala halikugeuza shingo. Kisha bibi akatoka, mweusi tangu kifuani hadi nyayo, akapanda taratibu mpaka nilipokuwa, akaninyooshea kiganja. Nikamkabidhi zile punje tano. Akatazama mtoni, akaona nilichokihesabu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni familia nzima ilikula maharage na ndizi kutoka sinia moja. Mimi niliwekewa sahani yangu peke yangu. Ndani yake kulikuwa na punje tano, zimepikwa vizuri, hata chumvi zilitiwa. Bibi alisubiri nizimalize ndipo akanisogeza kwenye sinia, akaniambia maneno ambayo nimewaambia wanangu mara nyingi kuliko nilivyoyafuata: "Aibu ya kuuliza ni mgeni wa asubuhi moja. Aibu ya kutouliza hujenga nyumba ikakaa."

Bibi hayupo tena. Ufuko nao umebaki ukanda mwembamba, maana malori yaliuchota mchanga wa kujengea, na nyumba nyingi nzuri za huko juu zimesimama juu ya nyayo za wale viboko. Viboko wenyewe, watu wanasema, wamehamia upande wa juu wa mto, ndani ya hifadhi, ambako hakuna anayewahesabu kwa maharage. Bomba la maji limefika kilimani. Wanawake hawashuki tena alfajiri, na sina roho ya kusema hilo ni baya. Ila hakuna mtoto anayelitangulia jua kuamka siku hizi, akilisubiri na kiazi mapajani.

Mimi nilikuwa na wangu wawili, angalau asubuhi moja. Ukungu ulikuwepo. Viazi tulibeba. Mgongo mweusi nikauona majini, moyo ukanipasuka kwa furaha, nikatoa simu. Mdogo aliniuliza mbona hapumui. Nikamwambia kiboko ana pumzi ndefu. Mkubwa akasema ndege ametua juu yake, na nikamweleza kwamba ndege na viboko ni marafiki wa zamani. Tulikaa saa nzima tukilitazama, na nakuapia wanangu walifurahi.

Mchana, kwenye sherehe, nilipita na simu meza kwa meza, mpaka nikamfikia yule jirani wa mihogo. Amezeeka, lakini macho yake yako vilevile. Aliweka chini glasi yake, akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia.

"We Mtanzania," akasema, "ile iko jiwe. Ilikuwa jiwe siku bibi yako anaruka kwenye matope, na leo bado iko jiwe."