Matofali ya Papa Kule Lubunga

Nilikwenda Kisangani kwa sababu mto ulikuwa unakula mtaa nilikozaliwa. Tonton Norbert, mdogo wake marehemu papa, baba yetu, alituma ujumbe: kama tunataka kuiona nyumba ya papa, tuje upesi. Vita vilipotukimbiza kwenda Butembo, kwa ndugu za mama, nilikuwa na miaka sita. Tonton alibaki kuilinda nyumba. Ujumbe wake ulikaa miezi kadhaa kabla sijafunga begi.

Safari ilichukua siku nne. Baada ya kupita mji mdogo wa Nia-Nia basi letu lilikwama kwenye tope tangu asubuhi hadi jua kuzama.

Kutoka mjini nilivuka mto kwa pirogi hadi Lubunga. Mtaa wetu ulijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya watu wa reli: safu tatu za nyumba za matofali mekundu, baraza zikitazama maji. Papa, fundi wa injini, alipewa moja, na hadi kufa kwake alituhadithia taa za mtaa ule na mpira wa Jumapili. Nilikuta safu mbili. Mihogo imeota katikati ya reli.

Tonton alinipokea kwa mikono miwili. Nilipouliza nyumba iko wapi, alionyesha majini.

"Mto ilikamata kiwanja. Matofali nilitosha, nilibomoa mimi mwenyewe."

"Ulibomoa nyumba ya papa?"

"Maji ilikuwa inafika kwa Mama Béa, mujane. Tukajenga mur, ukuta ya kuzuia maji, na matofali yetu. Ilisimama mvua moja. Bon, ikaenda."

"Ungetuuliza kwanza, Tonton."

"Nilipiga simu, mutoto yangu. Mara mingi. Nani alijibu?"

Simu zile nilikuwa naziona. Nilidhani anataka kuomba kitu.

Jioni alinipeleka nilale kwa Mama Béa, maji yakiwa sasa hatua chache kutoka barazani pake, kisha akarudi kwenye behewa bovu karibu na stesheni. Ndimo anamoishi. Nilimfuata, nikamsihi twende wote Butembo.

"Sasa ndiyo munaniita," akasema, akafunga mlango.

Asubuhi nilivuka peke yangu.

Nyumbani niliwaambia ndugu zangu nilichojifunza: miaka yote tulijisifu kwamba tuna nyumba Kisangani, kumbe tulikuwa na mtu Kisangani, na hatukumpokelea simu. Kisha kaka yangu mkubwa akauliza hati za kiwanja ziko kwa nani.