Mfumo Usiomkata Mzee Maneno

Siku yangu ya kwanza kazini Garsen, Mratibu wa mradi wa kupatanisha wafugaji na wakulima alifunua khanga juu ya kompyuta moja akaniambia, "Bi Zainabu, hii ndiyo studio." Nilicheka. Malindi nilikofanya kazi kabla nilihariri video za arusi kwa deki mbili: moja inacheza, nyingine inanakili, ukikosea unaanza upya. Sasa picha ingeingia kwenye diski, niihamishe nitakavyo. Nami mtu wa Kipini, kitu kipya sikiachi mpaka nijue tumboni mwake mna nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya yale mafuriko makubwa. Mto ulikuwa umemwaga matope juu ya malka, yaani njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, na wakulima wa Kipokomo wa Chara wakapanda mpunga papo hapo. Kiangazi kilikuwa kinakuja. Wazee wa pande mbili, wafugaji na wakulima, walikataa kukaa baraza moja, ila walikubali kila upande urekodiwe na mwenzake atazame. Hilo nalo likishindikana, watu wangepigana, na sote tulijua.

Nilianza na Mzee Dhadho, mfugaji wa Kiorma. Alizungumza kwa lugha yake, wima, fimbo mkononi, na hakuwa na haraka. Niliingiza picha kutoka kanda ya kamera hadi kwenye kompyuta, nikaandika tafsiri ya Kiswahili chini yake, nikaenda Chara na televisheni na jenereta. Wazee walitazama mpaka Mzee Komora, msemaji wa wakulima, akanyanyuka.

"Zima! Hapo mumekata. Fimbo ilikuwa mkono wa kulia, sasa iko kushoto. Mumeficha maneno gani?"

"Sijakata kitu, mzee wangu."

"Basi imerukaje?"

Waliondoka mmoja mmoja. Mzee Dhadho alipopata habari alikuja ofisini mwenyewe. "Mimi nilisema yote mpaka mwisho. Nani amekula maneno yangu?" Niliona aibu isiyo yangu. Kwa Waorma na kwa Wapokomo, mzee akisimama barazani hakatizwi; hata mwenye hasira husubiri.

Nikaichokonoa ile mashine. Ilikuwa na Windows 98. Mfumo endeshi, kwa wasiojua, ndio msimamizi wa kompyuta: huiambia diski iandike wapi na kila kadi iliyochomekwa ndani ifanye kazi lini. Katika mpangilio wetu faili moja lilikuwa na kikomo, na video ni mzigo mzito. Faili likijaa, programu ya kadi ya kunasia picha hufungua jingine, na hapo katikati hupotea kipande. Kidogo tu, lakini ndipo fimbo ilipohama mkono. Nilifurahi kama aliyeona tundu la ndoo.

"Si uunganishe vipande vizuri?" Mratibu aliniuliza. "Nani atajua?"

"Nikiunganisha nitakuwa nimemkata kweli, Bwana Mratibu. Wakiniuliza tena, nitaapa vipi? Nipe mfumo mwingine, Windows NT. Hiyo huandika faili refu bila kukatika."

"Hiyo ni ya mabenki! Hapa nani anaijua? Hata printa haitaikubali. Kwa nini tusitafute kompyuta ya Makintoshi?"

"Nzuri, lakini kadi yetu haiingii humo."

"Na hii yako ikikataa?"

"Nitarudi Malindi kwa maarusi wangu."

Na ikakataa. Haikuitambua kadi mpaka tulipoletewa programu yake kwa basi kutoka Mombasa, sidii imefungwa kwa gazeti. Niliirudia ile kanda, na Mzee Dhadho alipoingia mzima, mwanzo hadi mwisho, faili moja, nilipiga kigelegele, mlinzi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Kuwarudisha wazee wa Chara mbele ya televisheni ilikuwa kazi ya kubembeleza. Ilipofika pale, fimbo ilitoka kulia, ikapita mbele ya kifua, ikatua kushoto. Mzee Komora aliinama mbele, asiseme neno mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaielekea televisheni.

"Sasa amemaliza. Washa kamera, nami nimjibu."

Kanda zikaenda na kurudi mpaka wakakubaliana, na mpunga ulipovunwa, malka ilifunguliwa.

Printa haikukubali kamwe, na Mratibu hakuacha kunitania kwayo hadi alipohamishwa. Siku hizi vijana hubishana mfumo upi ni bora, utadhani ni timu za mpira. Mimi huwauliza kwanza wanataka kuufanyia nini, nao huniona mama mkorofi.

Nilipostaafu nilipewa mashine ile, nikaja nayo Kipini. Juzi alinijia binti wa Mzee Dhadho kutoka Garsen. Baba yake amefariki siku nyingi, na alitaka kumwona. Niliiwasha, ikanguruma, ikamtoa. Binti alikaa mkekani, chai ikapoa mbele yake. Nikaanza kumweleza habari za kadi, na faili, na jinsi nilivyohangaika.

Akaniinulia kidole, macho hayabanduki kwenye kioo.

"Ngoja, mama. Baba bado anazungumza."