Shamba Langu la Matembele Halipo

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wafuasi wote wa ukurasa huu kwamba leo mabuti yangu ya shambani yameoshwa. Yameoshwa na mke wangu, kwa sabuni na brashi, na sasa yanakauka kwenye roshani ya ghorofa ya tisa hapa Rexdale, Toronto. Msicheke. Nimebanwa.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Morogoro, kitambi kiasi. Siku za kazi napakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Jumamosi ni mkulima. Kanisani wananiita Bwana Shamba. Ukitaka matembele au bamia zisizopigwa dawa unaniagiza mimi, nakuletea baada ya ibada, udongo ukiwa bado umeshika.

Udongo huo naupaka mwenyewe.

Mboga nazinunua soko la jumla alfajiri, zikiwa kwenye maboksi yaliyoandikwa Kihispania. Zimelimwa Amerika ya Kati, kwenye mashamba makubwa, na watu nisiowajua. Kama zimepigwa dawa, Mungu ndiye anajua. Natupa maboksi, nafunga mafungu kwa kamba, napaka mabuti tope, narudi nyumbani nimejikunja mgongo. Mke wangu ananiwekea supu. "Pole, Baba Upendo, shamba ni kazi." Nainywa kwa haya, halafu naomba aniongeze.

Huu ni mwaka wa tatu. Ningezeeka hivyohivyo, ila Jumapili iliyopita Dada Rehema, mjane anayefanya kazi kiwanda cha mikate, alisimama wakati wa matangazo.

"Wapendwa, nimeandika barua ya kuacha kazi. Ijumaa ndiyo mwisho. Magoti yamekataa kusimama kwenye mashine. Kaka yangu Bwana Shamba alisema ana ekari tano na hana msaidizi. Mimi ni mtoto wa Ifakara, jembe nalijua."

Kanisa zima makofi. Ni kweli nilisema hivyo, kwenye harusi, nyama ikiwa mdomoni.

Nikamvuta pembeni. "Dada, mbona hukuniuliza?"

"Ungenionea huruma ukakataa. Sasa umeshatangazwa, utakimbilia wapi?"

"Kule kuna mbu, dada."

"Mbu wa Kanada? Kaka, acha mzaha. Mimi nimelelewa na mbu."

Mke wangu akadakia, "Basi Jumamosi twendeni wote! Miaka mitatu naosha matope, shamba lenyewe sijaliona." Wameshakodi basi dogo. Mabuti yameoshwa ili nisimtie aibu mbele ya wageni.

Sasa ukweli wenyewe. Shamba lilikuwepo. Mwaka wa kwanza nilikodi robo ekari nje ya mji, nikajitapa, nikapokea oda kabla jembe halijagusa ardhi. Mwishoni mwa Aprili ikanyesha mvua nzuri, nikapanda siku hiyohiyo, kama baba alivyopanda, maana kwetu mvua ya kwanza haiachwi ipite. Mzee Mzungu wa shamba la jirani alinisihi nisubiri hadi Mei iishe. Nikajisemea, huyu anajua nini kuhusu matembele? Vipando vikashika, nikapiga picha, nikawatumia waumini wote. Wiki mbili baadaye baridi ikashuka, ardhi ikaganda. Nilikuta shamba lote jeusi, majani yamelegea kama yametoka kwenye sufuria. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, mtu mzima. Juni watu wakanijia na mifuko yao, wamechangamka. Nikawaambia wasubiri Jumapili. Nikaenda soko la jumla, nikajiambia ni mara hii tu.

Leo ni Jumatano. Dada Rehema ana siku mbili za kuifuta ile barua, lakini hajui kama anahitaji kuifuta. Mke wangu yuko jikoni anakanda unga wa chapati za safari, anaimba. Nimwambie nani kwanza, na nianze na neno gani? Ndugu zangu, nipeni akili, na mnipe kabla ya Ijumaa.